Kitalu cha Wagonjwa

Huku Lukozi, ukitaka kujua nyanya imeuawa na nini,
unakata shina, unalitumbukiza kwenye glasi ya maji,
unasubiri kama anayesubiri chai ipoe.
Ukishuka uzi mweupe, mwembamba, kama maziwa yaliyokata,
usihangaike na dawa.
Mnyauko.
Udongo wenyewe umekula njama.

Baba aliutazama uzi huo mara moja tu
akaacha kilimo, akaenda kushona viatu stendi ya Lushoto.
Mashina elfu moja na mia mbili:
asubuhi yamesimama, saa saba yamelala,
jioni yanainua vichwa kidogo.
Zile jioni ndizo zilizomuumiza.

Shamba lile sikuliuza, wala sikulilaza.
Jirani yangu Mbilu anapita akiguna:
"Mtu na akili zake anapalilia ugonjwa?"
Ndiyo, napalilia. Namwagilia.
Nafukia humo humo mashina yaliyokufa
ili makali yasipungue,
maana mbegu isiyopita hapa siiamini.

Mama ana kinyanya chake nyuma ya jiko,
kidogo kama gololi, kichachu, cha kutia kwenye kisamvu.
Hakuna aliyekipanda, hakuna aliyekipulizia,
na hakijawahi kuugua.
Ile ya sokoni ni kubwa, ina shavu, watu wa fuso wanaipenda,
nayo inakufa ikisikia tu jina la ugonjwa.

Nikawaozesha.

Saa kumi na mbili, ukungu bado umekalia Magamba,
nalifumua ua la yule mkubwa kabla halijafumbuka lenyewe,
namtoa vichwa vya chavua kwa kibano cha nyusi,
kimoja kimoja, nimebana pumzi,
kisha nampaka chavua ya yule maskini wa nyuma ya jiko
kwa unyoya wa kuku.
Nafunga uzi mwekundu nisije nikasahau.
Mahari hakuna. Mshenga ni mimi.

Watoto wa kwanza walifanana wote.
Wajukuu ndio waliotawanyika:
huyu kamfuata bibi kwa umbo, yule kwa ukali wa ulimi,
mwingine sijui kautoa wapi ule uso wa njano.
Mia tatu na arobaini niliwapeleka kwa wagonjwa.
Wakabaki kumi na mmoja.
Wewe hujawahi kupiga magoti kwenye tuta
ukashukuru kwa kumi na mmoja.

Mwaka wa sita, shina moja.
Namba kumi na tisa, imekwaruzwa kwa msumari
kwenye kipande cha kopo la blubendi.
Kushoto kwake wamekufa, kulia wamekufa,
lenyewe limebeba matunda hamsini na mawili,
limeegemea mti wake kama mtu asiye na habari.
Nikakata tawi, nikalitia glasini.
Nikasubiri mpaka chai yangu ikapoa kweli.
Maji yakabaki maji.

Tunda la kwanza nilimpelekea mama.
Akalikata, akalitia chumvi,
akatafuna akitazama dirishani.
"Halifi?"
Halifi, mama.
"Linazaa?"
Mashina manne, tenga limejaa.
"Basi limesahau jambo moja," akasema.
"Limesahau kuwa nyanya."

Nilicheka. Halafu sikucheka.
Usiku nililionja peke yangu, taa imezimwa:
maji ya mvua, na kwa mbali, chuma.
Shekulavu wa fuso asingejali hata kidogo.
Ganda gumu, linafika Ilala bila kupasuka,
angenilipa siku ile ile, taslimu,
na deni la mbolea lingekwisha.

Mbegu zake nimezikausha kwenye gazeti, zimo chupani.
Sikuzitupa. Sikumwambia Shekulavu.

Sasa ni Machi, masika yananukia.
Nyuma ya jiko kile kichachu kimechanua tena bila kuombwa.
Kibano nimekichemsha.
Nimechagua uzi,
safari hii wa bluu.